Adapta za chemba: kupiga risasi ndogo kwa bunduki kubwa bila kujilipua mkono

Bega langu la kulia liliharibika zamani nikiwa bado jeshini, na hiyo ndo sababu niliingia kwa hizi vitu. Shotgani ya geji 12 ukiipiga risasi kumi mfululizo bega linawaka moto, usiku hulali, asubuhi unashika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto kama mtoto. Jamaa mmoja tuliyekua naye zamani akaniambia, afande, nunua adapta, utie risasi ndogo ya geji 20 kwa bunduki yako hiyohiyo, mambo yatapoa. Alisema kweli. Ila hakunieleza yale mengine yote ambayo nimejifunza mwenyewe, ndo nayaandika hapa, maana watu wa huku Masindi na Kiryandongo, Uganda, wananiuliza sana nikipita na hiyo bunduki siku za mahindi.

Kwanza tuelewane adapta ni nini. Ni kibomba cha chuma au alumini ambacho nje yake kina umbo la risasi kubwa na ndani kimetobolewa chemba, yaani pale risasi inapokaa, ya risasi ndogo. Unakitumbukiza kwa chemba ya bunduki kama vile unaingiza risasi ya kawaida, alafu risasi ndogo unaitia ndani ya hicho kibomba. Unafunga, unapiga. Bunduki haijaguswa wala haijakatwa, ukikitoa inarudi kua geji 12 yako ya siku zote. Ziko fupi zenye urefu wa kidole hivi, na ziko ndefu zinazokwenda karibu mtutu mzima. Hizo ndefu wazungu wa mashindano ya kupiga visahani ndo wanazipenda, kampuni kama Briley ya Houston kule Marekani inatengeneza za kupimwa kwa bunduki yako wewe, na bei yake ni ya watu wa mashindano. Mimi naongelea zaidi zile fupi kwa sababu ndo nilizonazo.

Na kabla hujaniuliza: hapana, usimpelekee fundi wa kuchomelea akukatie bomba la maji. Nimeshaonyeshwa moja kama hiyo mtu akitamba nayo, nikamrudishia bila hata kuiangalia mara ya pili. Presha ya ndani ya chemba haina huruma na bomba la dukani, na kile kitu kiko karibu na jicho lako. Nunua iliyotengenezwa kiwandani, yenye alama ya geji na urefu wa chemba imechongwa juu yake, la sivyo baki na geji 12 na bega lako.

HATUA YA KWANZA: KARATASI

Najua hapa wengi wataruka. Usiruke. Uganda silaha inatawaliwa na sheria ya Firearms Act ya 1970 na anayetoa cheti ni Inspekta Jenerali wa Polisi, maombi yako yanaanzia chini huko kwa LC1 (mwenyekiti wa kijiji), GISO (afisa usalama wa kata), mpaka kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, wenyewe mnajua ile safari ya mihuri. Sasa cheti chako kinataja bunduki gani na kinahusu risasi gani. Usijiambie eti mimi nina kibali cha geji 12 kwa hivo za 20 au zile ndogo zaidi za 410 ni mambo madogo, zimeingia humohumo. Risasi ni risasi. Ukikutwa kwa roadblock na boksi la risasi ambazo hazilingani na bunduki yoyote kwa cheti chako, wewe utaanza kueleza habari za adapta kwa askari ambaye hajawahi kuiona, usiku, mvua inanyesha. Nenda kwa ofisi ya silaha mapema, peleka adapta waione, eleza inafanya nini, omba waandike. Waandike, usikubali wakwambie tu kwa mdomo.

Kuingiza adapta kutoka nje ni vilevile, usimwambie shemeji yako aliye Ulaya akufichie kwa sanduku la nguo. Kwa mashine ya ekisirei pale Entebbe kile kitu kinaonekana kama kipande cha bunduki, na kusema ukweli ndo hivo kilivyo.

Alafu kuna hii ya alama. Tangu 2018 Rais alipoagiza bunduki zichukuliwe alama zao, zile zinazoacha kwa ganda na risasi, sisi raia wenye vibali tulipeleka zetu zikapigwa risasi za majaribio. Kwa shotgani hakuna shida kubwa sana, lakini kama unataka adapta ya raifoli hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza kabla, kwa sababu ganda linalotoka ndani ya adapta si sawa na ganda la bunduki yenyewe.

Na wanyama: hawa nyani, ngedere na nguruwe mwitu wanaotulia mahindi, kweli wanahesabiwa kama waharibifu, lakini mnyama wa porini ni mali ya serikali kwa sheria ya wanyamapori ya 2019, anayesimamia ni UWA, mamlaka ya wanyamapori. Kua na adapta hakukupi ruhusa ya kumpiga hata kanga. Muone afisa wa UWA wa eneo lako. Mimi hii yangu kazi yake kubwa ni karatasi na makopo, pamoja na ule mlio wa kufukuza nyani, hao wakisikia bunduki tu wanajua njia ya msitu wa Budongo bila kuonyeshwa.

HATUA YA PILI: IJUE BUNDUKI YAKO

Adapta fupi ni za bunduki za kukunja, zile unazivunja katikati ukaona chemba wazi, iwe mtutu mmoja au miwili. Pampu sahau. Otomatiki sahau kabisa, risasi ndogo haina nguvu ya kuendesha ile mitambo na kile kinachovuta ganda kitakuvutia adapta badala ya ganda. Nyie askari wa kampuni za ulinzi mnaoniuliza kuhusu zile pampu zenu, bunduki si yenu, waachieni wenyewe.

Ikunje, hakikisha haina kitu, angalia maandishi chini ya mitutu au pembeni. Unatafuta vitu viwili: geji na urefu wa chemba. Geji, kwa asiyejua, ni hesabu ya kizamani: risasi ngapi za duara zenye upana wa mtutu zinatoka kwa ratili moja ya risasi ile ya kuyeyusha. Kumi na mbili zikitoka, hiyo ni geji 12. Ndo maana namba ikipanda tundu linapungua. Mtutu wa 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, wa 20 ni kama 15.6, na 410 yenyewe haifuati hiyo hesabu, ile ni kipimo cha inchi moja kwa moja, yaani 0.410, milimita 10.4.

Urefu ndo unaua watu kimyakimya. Bunduki nyingi za zamani za Muingereza zilizobaki huku kwa wazee zina chemba ya inchi 2½, milimita 65. Risasi nyingi za leo ni inchi 2¾, milimita 70, na kuna za inchi 3. Urefu ulioandikwa kwa boksi ni wa ganda likishapigwa na mdomo wake ukafunguka, si wakati liko zima. Kwa hivo risasi ndefu inaingia vizuri tu kwa chemba fupi, unafunga, unafurahi, alafu ukipiga mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka, presha inapanda. Hiyo sheria iko kwa bunduki na iko kwa adapta pia: adapta ya 20 iliyoandikwa 2¾ haili risasi ya inchi 3 hata kama inaingia, na kama imeandikwa ya risasi za kawaida usiitie magnam, zile za nguvu zaidi.

Kama bunduki ni ya zamani sana na mtutu wake una michoro kama mawimbi au kama mbao, hiyo ni damaski, chuma kilichosokotwa, itundike ukutani. Kama ni ya Uingereza tafuta mihuri ya kupimwa, nyumba ya Birmingham inapima mitutu tangu 1813, ukiona maneno ya naitro ujue ilipimwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Ikikosa hayo maneno usiitie chochote cha dukani, adapta haipunguzi hatari hiyo hata kidogo.

HATUA YA TATU: KUCHAGUA

Mimi nina aina mbili, ya 12 kwenda 20 na ya 12 kwenda 410.

Ya 20 ndo ya kutumia siku nzima. Risasi yake ya kawaida inabeba marisawa, vile vipunje vya ndani, ya gramu 25 hivi, wakati ya 12 inabeba kama gramu 32, na kwa vile bunduki yenyewe bado ni nzito ya geji 12, ule uzito unameza teke. Tofauti niliisikia risasi ya kwanza tu. Bega lilinishukuru.

Ya 410 ni kitu kingine. Inabeba gramu 14 kwa ile ya inchi 2½, na kwa sababu marisawa yanatoka kwa kitundu kidogo yakaingia kwa mtutu mpana hayana cha kuyashika, kile kizibo cha ndani kinachosukuma marisawa hakijazi mtutu, moto unavuja pembeni, spidi inapotea, na marisawa yanatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Nikiipiga kwa mita 20 karatasi ina matundu machache huku na kule, kanga anaweza kupita katikati akiimba. Kwa swila karibu na banda la kuku, mita tano, sawa. Zaidi ya hapo unajidanganya.

Chuma au alumini? Alumini ni nyepesi na haishiki kutu ila inachubuka na mdomo wake unachakaa haraka. Chuma ni kizito, kinadumu, kwa hali ya hewa ya huku lazima ukipake mafuta. Mimi nilichukua chuma. Nyingi zina vipete viwili vya mpira nje ili zikae bila kucheza, hivyo vipete vinakauka na kupasuka kwa jua, ukinunua omba vya akiba.

HATUA YA NNE: KUJARIBU BILA RISASI

Nyumbani, risasi zote ziwe chumba kingine. Futa chemba ya bunduki kwa kitambaa kikavu. Shika adapta kwa taa, angalia ndani kama kuna ufa au mchanga. Isukume ndani kwa kidole gumba. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa kidogo bila kugongwa, na ule ukingo wake wa nyuma ukae ndani ya kile kidaraja cha chemba kama ukingo wa risasi ya 12 unavyokaa. Pitisha ukucha: ukisikia umetokeza, simama. Funga bunduki polepole. Inatakiwa ifunge kwa nguvu ileile ya siku zote. Ikigoma usilazimishe, usiipige magotini, itoe ujue kwa nini. Mara nyingi ni uchafu tu, mara nyingine ni adapta isiyo ya bunduki hiyo.

Alafu tazama kama bunduki yako ina ule mtambo wa kurusha maganda wenyewe ukiikunja, si kusukuma tu. Kama unao, ukikunja utarusha adapta nzima, kipande cha chuma kizito kinapita sikioni, kinaangukia jiwe, kinabonyea mdomoni na hapo ndo mwisho wake. Zoea kufunika chemba kwa kiganja wakati unakunja, polepole. Fanya hivo mara ishirini ukiwa umekaa tu sebuleni mpaka mkono ujue wenyewe.

HATUA YA TANO: MIFUKO

Hii ningeiweka ya kwanza kama watu wangekua wanasoma kwa utulivu. Sikilizeni vizuri.

Risasi ya geji 20 ukiitia kwa mtutu wa geji 12 bila adapta haikai kwa chemba wala haitoki upande wa pili. Inateleza ndani inakwama pale koo la mtutu linapoanza kua jembamba, mbele kidogo ya chemba. Ukiangalia haraka unaona chemba tupu. Unavuta traiga, tii, hakuna kitu. Unasema aah nilisahau kuitia, unatia ya geji 12 nyuma yake, inaingia yote vizuri kabisa kwa sababu ile nyingine imesogea mbele. Unafunga. Sasa una risasi mbili zimepangana foleni ndani ya mtutu mmoja, na ya nyuma ukiipiga inaigonga ya mbele, mtutu unafunguka kama ndizi iliyomenywa, palepale mkono wako wa kushoto ulipo.

Ndo maana viwanda vingi vinatengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya njano, ionekane. Lakini si viwanda vyote, nimekutana na za rangi nyingine, kwa hivo usiamini rangi peke yake, soma namba kwenye shaba ya nyuma. Zile za 410 angalau zina adabu, ukizitia bila adapta zinateleza mtutu wote zinaangukia viatu vyako.

Nilikaribia kufanya hii kitu. Jioni, mawingu ya mvua, tumepiga makopo na jirani yangu mzee mmoja Mualur anayekuja kuangalia tu na kutoa maoni. Nilikua nimeshatoa adapta kwa sababu nilitaka kumalizia na risasi mbili za 12. Mkono ukaingia mfukoni ukatoka na risasi, sikuangalia, nikaisukuma. Haikutoa ule mlio wake wa kukaa. Ilienda kimya. Mzee akasema, "Afande, hiyo imemezwa." Nikakunja, chemba nyeupe. Nikasema iko wapi sasa, labda imeanguka kwa majani. Tukatafuta chini wote wawili kama tunatafuta shilingi. Alafu nikapata akili, nikainua bunduki nikaitazama kwa nyuma kuelekea kwenye mwanga uliobaki, na mwanga haukuwepo, mtutu ulikua na giza. Nikachukua ufito, nikaisukuma kutoka mdomoni, ikatoka ya njano ikaanguka kwa kiganja changu, ina joto la mwili wangu tu, ilikua mfukoni tangu saa tisa. Mzee hakusema kitu. Alikohoa akaniambia tukanywe chai.

Sasa sheria zangu ni hizi na sizibadilishi. Siku ya adapta, risasi za 12 haziji shambani. Zinabaki kwa kabati. Kama bunduki ina mitutu miwili, naweka adapta mitutu yote miwili au siweki hata mmoja, hayo mambo ya kulia 20 kushoto 12 ni ya watu wenye akili kunizidi. Adapta naitia kwanza kwa bunduki, naigusa kwa kidole, ndo natia risasi. Na nikisikia traiga imelia tii bila kishindo, sitii kitu kingine mpaka nimeona mwanga upande wa pili wa mtutu.

HATUA YA SITA: RISASI ZA KWANZA

Tafuta mahali penye kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo nyuma ya shabaha, si uwazi, si barabara ya bodaboda, si upande wa mto ambako watoto wanateka maji. Risasi ndogo si ya kuchezea eti kwa sababu ni ndogo, marisawa namba 7½ yanaweza kufika karibu mita 200 yakianguka. Mjulishe LC1 na majirani mapema, maana huku mlio wa bunduki saa kumi unaweza kuleta kijiji kizima na mapanga. Vaa miwani, ziba masikio, pamba kavu haitoshi.

Tia risasi moja tu, mtutu mmoja. Bandika karatasi kubwa ya manila, au mbili ziunge, chora duara la upana wa sentimita 75 kwa kamba na makaa. Anza mita 10. Piga, alafu usikimbilie kuangalia karatasi, angalia ganda kwanza. Kunja bunduki ulitoe: alama ya pini kwenye fataki, kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, iwe katikati na imeingia vizuri. Ikiwa pembeni, adapta haijakaa au haikutobolewa sawa. Fataki ikiwa imebonyea nje, au ganda limevimba au limepasuka pembeni, siku imeisha, rudi nyumbani. Toa adapta angalia mdomo wake, alafu tazama ndani ya mtutu.

Kama iko sawa sogea mita 15, 20, 25, karatasi mpya kila mara, andika juu umbali na risasi gani. Hesabu matundu ndani ya duara. Pale unapoona kuna uwazi mkubwa kiasi cha sahani ya chai bila tundu hata moja, huo ndo mwisho wa bunduki yako na hiyo adapta, hata kama duka lilikuambia nini. Yangu ya 20 inafika mita 25 vizuri. Yangu ya 410 nimeshawaambia. Yako itakua na namba zake.

Risasi isipolia, usikunje haraka. Bunduki ielekee palepale kwa udongo, hesabu sekunde 60 kwa sauti, ndo ukunje ukiwa umegeuza uso. Na ikilia lakini kwa sauti ya kinyonge, kama mtu amefunga mlango wa gari, simama. Kizibo kinaweza kua kimebaki ndani ya mtutu. Toa kila kitu, tazama mwanga.

Kutoa ganda: kwenye adapta nyingi fupi bunduki inasukuma adapta nje kidogo, ganda dogo linabaki limeng'ang'ania ndani. Mimi hutoa yote, alafu natumia kalamu ya risasi au ufito mdogo wa mti kulisukuma kutoka mdomoni. Usitumie kisu wala msumari, utakwaruza chemba ya adapta na kila ganda baada ya hapo litakwama. Baada ya risasi kumi hivi kitu kinakua cha moto kweli, mwenye vidole vya ofisini abebe glovu.

KUHUSU RAIFOLI

Hapa nitapita haraka kwa sababu sina hamu nazo. Ziko adapta za kutia risasi ya bastola ya .32 ACP ndani ya raifoli za .30 kama .308, na ziko za .22 LR kwa raifoli ya .223. Wazo ni zuri: .308 inatoka kwa mita 800 na kitu kwa sekunde, .32 kama 275, mlio mdogo, teke hakuna. Upana unakaribiana, inchi .308 kwa .312, kile kichwa laini cha .32, yaani kipande kinachoruka, kinajibana kikapita. Kwa .22 kuna shida nyingine, fataki yake iko kwenye ukingo, si katikati, kwa hivo adapta lazima iwe na kipande cha kuhamisha pigo la pini kwenda pembeni, usipokiweka sawa hailii.

Tatizo langu ni hili: kichwa kinaruka nafasi tupu kabla hakijashika mistari ya mtutu, na kikiwa kinyonge kinaweza kukwama katikati ya mtutu mrefu. Ukituma kingine nyuma yake umejipasulia bunduki. Kwa hivo kila risasi moja, kila moja, ufungue boliti utazame mwanga. Pia saiti zako zote zinakua za uongo, itapiga chini na pengine pembeni, ujifunze upya kwa mita 15 au 25. Na usidanganyike na udogo, .22 LR ikipaa juu inaweza kutua zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka ulipo. Anayetaka afanye, kwa raifoli ya boliti yenye kibali chake. SMG (zile AK) ya mtu wa serikali usiiguse hata kwa maneno.

HATUA YA MWISHO: KUSAFISHA NA KUWEKA

Siku ileile, si kesho. Mbele ya mdomo wa adapta, ndani ya mtutu, inajikusanya pete ya moshi na plastiki ya vizibo, na kama hukuitoa basi siku ukirudi kwa risasi za 12 ganda litafungukia juu ya huo uchafu. Brashi ya shaba yenye mafuta ya kusafishia, pitisha mara kumi kumi na tano kutokea nyuma, alafu kitambaa mpaka kitoke cheupe. Adapta yenyewe isugue ndani na nje kwa mswaki wa zamani, ikaushe, paka mafuta kidogo sana nje, ndani futa mpaka pakauke, chemba yenye mafuta inafanya ganda lisukume nyuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Vipete vya mpira vivue, vifute, kikiwa na ufa tupa.

Mzee jirani aliniuliza juzi kwa nini sina shida tena ya kutafuta risasi gizani, nikamuonyesha kabati. Lina makufuli mawili, funguo ninazo mwenyewe. Bunduki imesimama peke yake upande mmoja. Za 12 nyekundu zimefungiwa shelfu ya juu. Za njano na za 410 shelfu ya chini kabisa, ndani ya sanduku lao, na adapta ziko humohumo pamoja nazo, kwenye mkebe wa Blue Band, ili nikichukua ya njano mkono uguse chuma kwanza.